Picha Yake Mikononi mwa Wengine: Mwanamke wa Kiislamu katika Magazeti, Filamu na Runinga

Ni wachache katika zama zetu waliozungumziwa sana na kusikizwa kidogo kama mwanamke wa Kiislamu. Yumo katika kurasa za mbele za magazeti, yumo katika filamu na tamthilia, katika matangazo ya biashara na katika video fupi zinazopita kwenye simu za watoto wetu usiku na mchana. Wako wanaomhurumia, wako wanaomwogopa, na siku hizi wako pia wanaomtumia kuuzia bidhaa. Lakini ukiulizwa ni lini mara ya mwisho ulipomsikia yeye mwenyewe akieleza, kwa maneno yake, anaishi vipi, anafanya kazi gani na anaamini nini, huenda ukafikiri kitambo kabla ya kujibu.

Jambo hili lapasa kuangaliwa na kila mzazi, kwa sababu picha ikirudiwa sana hugeuka ikaaminiwa kuwa ndiyo kweli. Binti wa miaka 12 aliyeko Kisauni, Lamu au Ukunda hajifunzi kujitambua kutoka kwa mamake na ustadhi wake pekee. Yale anayoyaona yanamfundisha pia. Na mwalimu wake, mwajiri wake wa kesho na askari atakayemsimamisha njiani, nao wanajifunza kumhusu kutoka huko huko. Basi hatuna budi kuitazama picha hiyo kwa utulivu: ilianzia wapi, ni nani waliyoichora, inamfanyia nani kazi, na sisi katika nyumba zetu tuna wajibu gani juu yake.

Waliochora bila kuona

Picha hii haikuzaliwa jana. Katika karne ya 19, wachoraji mashuhuri wa Ulaya walipenda sana kuchora wanawake wa nchi za Kiislamu wakiwa wamelala uchi katika vyumba vya ndani, wamezungukwa na mito ya hariri na moshi wa ubani. Mmoja wao alikuwa Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres. Mwaka 1862, akiwa mzee wa miaka 82, alikamilisha mchoro mkubwa wa wanawake wakioga katika hamamu la Kituruki. Ingres hakuwahi kufika Uturuki wala nchi nyingine yoyote ya Mashariki. Alisoma maandishi ya wasafiri, kisha yaliyobaki akayajaza kwa matamanio yake. Wako waliouona mchoro huo wakaamini kuwa wameonyeshwa maisha ya ndani ya nyumba za Waislamu.

Ilipokuja kamera, mambo hayakuwa tofauti. Algeria ilipokuwa chini ya ukoloni wa Ufaransa, wapiga picha waliuza kadi za posta zilizodaiwa kuonyesha wanawake wa huko majumbani mwao. Mwandishi wa Algeria, Malek Alloula, aliyezikusanya na kuzichambua katika kitabu kilichotoka mwaka 1981, alionyesha kuwa picha hizo zilitengenezwa studioni. Wanawake wenye heshima zao hawakukubali kupigwa picha na wageni, kwa hivyo wapiga picha waliwalipa wengine, wakawavika walivyotaka na kuwaweka mbele ya mapazia ya kupangwa. Hata Zanzibar na Mombasa kulikuwa na studio zilizochapisha kadi za wanawake wa Kiswahili kwa ajili ya wasafiri wa meli. Kadi zilikwenda hadi Ulaya na Marekani. Majina ya wanawake hao, aghalabu, hayakuandikwa.

Kisha zikaja filamu. Msomi Jack Shaheen, Mmarekani mwenye asili ya Lebanon, alitumia miaka mingi kutazama jinsi Hollywood inavyowaonyesha Waarabu na Waislamu. Katika kitabu chake cha mwaka 2001 alichambua zaidi ya filamu 900, na zile zilizowaonyesha kwa uadilifu zilikuwa chache mno. Wanaume walikuwa magaidi, masheikh wenye tamaa au wajinga wa kuchekwa. Wanawake walikuwa ama wachezaji ngoma wasiovaa nguo za kutosha, ama vivuli vyeusi vinavyopita nyuma bila kusema neno. Hata katuni za watoto hazikusalimika. Katika *Aladdin* ya Disney ya mwaka 1992, Bintimfalme Jasmine alivikwa vazi linaloacha tumbo wazi, kana kwamba ndivyo mabinti wa Kiislamu walivyokuwa wakivaa mbele za watu.

Ajabu ya mambo ni kuwa picha hizi mbili, ya mwanamke asiyevaa na ya mwanamke aliyefunikwa asionekane, zaonekana kupingana, ilhali zimetoka mkono mmoja. Katika zote mbili, mwanamke hana jina, hana sauti, wala hana akili ya kuamua jambo lake.

Msichana wa macho ya kijani

Huenda hakuna picha inayotufunza zaidi kuliko ile iliyotokea kwenye jalada la jarida la *National Geographic* mwezi Juni 1985. Wengi wetu tumeiona: msichana wa Afghanistan mwenye shungi jekundu lililochakaa na macho ya kijani yanayotazama moja kwa moja. Mpiga picha Steve McCurry alimpiga mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan. Picha ikawa maarufu duniani kote. Ikabandikwa kutani, ikachapishwa kwenye vitabu, ikatumika kuomba misaada. Msichana mwenyewe, Sharbat Gula, hakuwahi kuiona. Hakuna aliyemuuliza jina lake hadi mwaka 2002, McCurry na wenzake walipomtafuta na kumpata. Alikuwa tayari mke na mama, na ndipo alipoonyeshwa uso wake mwenyewe uliokuwa umejulikana na walimwengu kwa miaka 17.

Alipoulizwa, alikumbuka kuwa siku ile alikasirika kupigwa picha na mtu asiyemjua. Hasira ile ndiyo ambayo watazamaji wengi waliisoma kama hofu, au huzuni, au ombi la kuokolewa. Baadaye maisha yake yaliendelea kuwa magumu. Mwaka 2016 alikamatwa Pakistan kwa madai ya kuwa na kitambulisho kisicho halali na akarudishwa Afghanistan, na mwaka 2021 akapewa hifadhi nchini Italia. Umaarufu wa picha haukumpa karatasi za kuishi kwa amani.

Huruma ya namna hii ina hatari yake. Vita vya Marekani nchini Afghanistan vilipoanza Oktoba 2001, mwezi uliofuata mke wa Rais, Laura Bush, alitoa hotuba ya redio akiyahusisha mapambano hayo na haki za wanawake wa nchi ile. Dhuluma ya utawala wa Taliban kwa wanawake ilikuwa ya kweli, na wanawake wa Afghanistan walikuwa wakiipinga kabla ya kamera za wageni kufika. Lakini mwanamke aliyekuwa akionewa alifanywa pia kuwa sababu ya mabomu yaliyoanguka juu ya kijiji chake. Mwanaanthropolojia Lila Abu-Lughod aliandika mwaka 2002 makala yaliyouliza iwapo wanawake wa Kiislamu kweli wanahitaji kuokolewa, na mwaka 2013 akayapanua kuwa kitabu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuitekeleza: mtu anayetaka kumsaidia mwenzake aanze kwa kumsikiza, na ajiulize yeye mwenyewe ana mkono gani katika taabu za huyo anayemhurumia.

Kutoka Kakuma hadi Watamu

Miaka ya karibuni imeleta sura nyingine. Kampuni za mavazi, za vipodozi na za vichezeo zimegundua kuwa Waislamu ni wanunuzi. Hijabu iliyokuwa ikidharauliwa sasa imo katika matangazo. Mwaka 2017 ilitangazwa hata sanamu ya Barbie yenye hijabu, iliyofanana na Ibtihaj Muhammad, Mmarekani aliyeshinda medali ya shaba kwa mchezo wa kitara pamoja na timu yake katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016. Wako waliofurahi, na furaha yao yaeleweka. Mtoto anayejiona katika kitu kizuri hupata faraja.

Lakini kisa cha Halima Aden kinatuonya tusifurahi upesi. Yeye ni wa asili ya Kisomali, na alizaliwa mwaka 1997 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hapa hapa Kenya, kisha akahamia Marekani na familia yake akiwa mtoto. Mwaka 2016 aliingia katika mashindano ya urembo ya jimbo la Minnesota akiwa na hijabu, na baada ya muda mfupi akawa mwanamitindo wa kimataifa. Mkataba wake ulieleza kwamba hatavua hijabu. Mwaka 2019 alirudi Kenya, safari hii hadi ufuo wa Watamu, akapigwa picha kwa jarida la Marekani la mavazi ya kuogelea akiwa na vazi linalofunika mwili na kichwa. Magazeti ya dunia yalishangilia.

Novemba 2020 alitangaza kwamba anaacha kutembea kwenye majukwaa ya mitindo. Alieleza jinsi hijabu yake ilivyokuwa ikipungua kidogo kidogo, kazi baada ya kazi, na jinsi wapambaji wasioijua maana yake walivyofikia hadi kumvika suruali ya jinzi kichwani mahali pa mtandio. Alieleza pia swala zilizompita. Mamake alikuwa amemsihi kwa muda mrefu aiache kazi hiyo.

Binti huyu hakunyimwa nafasi. Alipewa nafasi kubwa. Hata hivyo waliompa ndio waliobaki na uamuzi wa jinsi atakavyoonekana. Hijabu ilipokuwa mapambo mikononi mwa watu wa biashara, ilikatwa na kushonwa upya kama mapambo mengine yoyote. Na heshima imwendee yeye, kwa kuwa alipotambua hivyo alisema waziwazi na akaondoka na jina lake.

Hapa nyumbani

Twaweza kuwalaumu Hollywood na Paris tukasahau runinga zetu. Mwenye kutazama tamthilia na vichekesho vya Kenya atakutana na mwanamke wa Pwani wa namna mbili tatu tu. Yuko yule wa mahaba, aliyejifukiza udi kutwa kucha, asiye na kazi duniani ila kumsubiri mwanamume. Yuko yule wa majini na hirizi. Na yuko yule wa umbea barazani, mwenye ulimi mrefu na uvivu mwingi. Buibui nalo limegeuzwa vazi la kujifichia: mwizi akitaka kutoroka, au mume akitaka kufumania, hujitupia buibui na watazamaji wakacheka.

Hakuna anayewaonyesha kina mama wanaoamka saa kumi za usiku kupika mahamri na mbaazi, wakasomesha watoto hadi chuo kikuu kwa pato hilo. Hawaonekani wauguzi wa hospitali zetu, walimu wa madrasa na wa shule za serikali, mawakili, wala wenye maduka ya Marikiti. Yule mwanamke wa mahaba na uvivu anayetungwa studioni Nairobi, ukimtafuta katika mitaa ya Mji wa Kale au Majengo huenda usimpate ukichoka.

Katika habari za usalama picha imekuwa kali zaidi. Septemba 2016 wanawake watatu waliokuwa wamevaa mabuibui walishambulia kituo kikuu cha polisi cha Mombasa na wakauawa hapo hapo. Tukio lile lilikuwa ovu, na Waislamu waliolilaani walikuwa wengi. Lakini kwa mhariri anayetafuta picha ya haraka, vazi la mamia ya maelfu ya wanawake likawa alama ya hatari. Tangu hapo, habari ya ugaidi hata isiyohusu mwanamke yeyote huweza kupambwa kwa picha ya mabuibui yanayopita barabarani. Wanawake walio katika picha hizo wana majina na wana watoto. Walikuwa wakienda sokoni.

Qur'ani Tukufu imetufunza adabu ya jambo hili. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, waumini wanaamrishwa kuihakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, wasije wakawadhuru watu bila kujua wakabaki na majuto. Aya ya 11 ya sura hiyo hiyo yakataza watu kudharauliana na kupeana majina mabaya, na imewataja wanawake peke yao baada ya kuwataja watu kwa jumla. Amri hiyo yamhusu mhariri. Yamhusu pia kijana wetu anayesambaza kwenye simu vichekesho vya kuwadhihaki wanawake wanene, wajane, waliotalikiwa na wasioolewa. Muigizaji aliyevaa buibui kwa dhihaka hana tofauti kubwa na Muislamu anayecheka na kumtumia mwenzake video hiyo.

Buibui lenyewe lina historia

Wengi wanaolionyesha buibui kama pingu hawajui lilitoka wapi. Zamani, wanawake wa koo kubwa za Lamu walipotoka nje walitembea ndani ya shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema kilichoshikwa kwa miti na watumwa. Sitara ilikuwa alama ya cheo, na mwanamke mtumwa hakuruhusiwa kujisitiri kama bibi yake. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mabadiliko yalianza kuonekana hata katika mavazi. Buibui, lililofika kwetu kupitia mawasiliano ya Bahari ya Hindi na Arabuni, likaenea katika miongo hiyo. Wajukuu wa watumwa walilivaa sawa na wajukuu wa waungwana. Wanahistoria waliozungumza na wazee wa Mombasa na Zanzibar wameeleza kuwa kwa wanawake wengi wa asili ya utumwa, kujifunika kulikuwa kutangaza kwamba sasa ni watu huru wenye heshima kamili.

Basi vazi lile lile ambalo mtengenezaji filamu hulionyesha kama alama ya kufungwa, kwa mwanamke fulani wa Mombasa wa miaka ya 1910 lilikuwa alama ya kufunguliwa. Hayo hayaonekani kwa macho. Yajulikana kwa kuuliza tu.

Waliosema wenyewe

Na wako waliouliza. Katika miaka ya 1970, Sarah Mirza na Margaret Strobel walikaa na wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wakarekodi hadithi za maisha yao. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991. Ndani yake mna ndoa na talaka, ngoma na arusi, utumwa na uungwana, kazi, vyama vya wanawake na ucheshi. Wanawake hao hawalingani na hawakubaliani katika kila jambo, na hapo ndipo msomaji anapowaamini.

Kabla yao alikuwako Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akimuusia bintiye. Wasomi wa leo wanabishana juu ya mafunzo yake kuhusu ndoa, na ubishi huo wenyewe ni heshima, kwa kuwa hubishani na mtu asiye na sauti.

Karibu na zama zetu tumempata Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir. Mapema katika miaka ya 1990, mapigano ya koo yalipokuwa yakiua watu wa eneo lake, yeye na wanawake wenzake walianza kwa kuhakikisha kuwa soko ni salama kwa muuzaji na mnunuzi wa kila ukoo. Kutoka sokoni wakawaendea wazee, vijana na maofisa wa serikali, mpaka ikaundwa kamati ya amani ambayo mfano wake ulifuatwa kwingine. Mwaka 2007 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani, Allah amrehemu. Ni watoto wangapi wa Pwani wanaomjua yeye, ukilinganisha na wanaowajua waigizaji wa Uturuki na Bollywood?

Agosti 2019, Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Kwale, Zuleikha Hassan, alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge la Taifa kwa kuingia na mtoto wake mchanga. Picha ile ilizunguka dunia, na kwa mara moja mjadala haukuwa juu ya mtandio wake. Watu walijadili nafasi ya mama mfanyakazi na mahali pa kunyonyeshea. Mwaka 2022 kaunti hiyo hiyo ilimchagua Fatuma Achani kuwa gavana, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika Pwani nzima.

Wajibu wetu

Twawanasihi wazazi kwanza watazame pamoja na watoto. Kumkataza binti kisha kumwachia simu chumbani hakufai kitu. Keti naye, na tamthilia ikionyesha mwanamke wa Kiislamu, muulize: huyu ana jina? Anafanya kazi gani? Ni nani aliyemwandikia maneno hayo? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo hachukuliwi ovyo na picha.

Pili, tuzikusanye hadithi zetu wenyewe. Kila nyumba ina bibi anayejua mambo ambayo hayajaandikwa. Simu ile inayotuletea vichekesho yaweza kurekodi sauti yake, kwa idhini yake, kabla hajaondoka. Redio zetu za Kiislamu hapa Mombasa zina vipindi vya familia. Zipokee sauti hizo, zisimwite mwanamke kuzungumzia mapishi na ndoa pekee huku uchumi na siasa vikiachiwa wanaume.

Tatu, binti mwenye kipaji cha uandishi, kamera au uigizaji asivunjwe moyo kwa kuambiwa kazi hizo si zake. Akizuiwa, kiti hakibaki wazi. Atakikalia mwingine atakayetusimulia asivyotujua. Asaidiwe kuijua mipaka ya dini yake mapema, ili siku atakapoambiwa apunguze kidogo, na kesho kidogo tena, ajue mahali pa kusimama.

Na mwisho, gazeti likikosea, tuwaandikie wahariri kwa adabu na kwa hoja, tukitaja tarehe, ukurasa na kosa lenyewe. Kelele za mitandaoni hupita kwa siku mbili, ilhali barua yenye ushahidi hubaki mezani.

Bi Khadija, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa mke wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Bi Aisha amepokewa hadithi zaidi ya 2,000, na wanaume wakubwa wa elimu waliketi nyuma ya pazia lake kujifunza. Dini iliyotufikia kupitia sauti za wanawake hawa haiwezi kuridhika na kizazi cha mabinti wanaotazamwa tu. Twamuomba Allah awape mabinti zetu elimu, haya na ujasiri kwa pamoja, na atupe sisi masikio ya kuwasikiza. Amin.